Kadi tatu mezani: ipi inakurudishia zaidi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nataka kuchukua kadi ya mkopo kwa mara ya kwanza, ile inayokurudishia pesa kidogo kila unaponunua. Nimechuja nikabaki na tatu. Ya kwanza inarudisha asilimia 1.5 kwa kila kitu na haina ada ya mwaka. Ya pili inarudisha asilimia 5 kwa aina moja ya matumizi, nayo hubadilika kila miezi mitatu. Lazima ujiandikishe upya kila robo mwaka, mwisho ni manunuzi ya 1,500 kwa robo, na vingine vyote ni asilimia 1. Hiyo nayo haina ada. Ya tatu inarudisha asilimia 4 kwa chakula cha nyumbani mpaka manunuzi ya 3,000 kwa mwaka, asilimia 3 kwa mafuta ya gari, na asilimia 1 kwa yaliyobaki, ila ina ada ya 60 kwa mwaka. Matumizi yangu ni kama 1,000 kwa mwezi: chakula cha nyumbani 300, mafuta 120, kula nje 100, kununua mtandaoni 100, na 380 ni mchanganyiko. Moyo unanituma kwenye ile ya asilimia 5. Riba ya zote ni asilimia 24 kwa mwaka, ingawa sidhani kama inanihusu sana kwa sababu nategemea kulipa yote, labda mwezi mmoja mmoja mambo yakibana. La mwisho: hizo pesa zikirudi, nizitoe mara kwa mara au niziache zikusanyike?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa kuweka tarakimu za matumizi yako wazi. Wengi wanaoniuliza hutaja jina la kadi tu, wakitaka niseme ndiyo au hapana, wakati kadi ileile inaweza kumfaa jirani yako na wewe ikakutia hasara. Sarafu sitaitaja, kama wewe ulivyofanya. Hesabu ni ileile popote ulipo.

Nianze na sentensi uliyoipita mbio, ile ya kwamba riba haikuhusu sana.

Lugha yetu imetuwekea mtego mdogo hapa. Wapo wanaoziita pesa hizi "marejesho". Lakini mwulize mtu yeyote aliyewahi kukopa marejesho ni nini, atakwambia ni kile anachompelekea aliyemkopesha kila mwezi, tena kwa jasho. Maana zote mbili zinakaa ndani ya kadi moja: marejesho madogo yanakuja kwako, marejesho makubwa yanatoka kwako. Ili tusichanganyikiwe, yale madogo nitayaita pesa ya kurudishiwa.

Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni karibu asilimia 2 kwa mwezi. Ukibeba deni la 1,000 kwa mwezi mmoja, unatozwa karibu 20. Kadi ya asilimia 1.5 kwa manunuzi ya mwezi huohuo imekurudishia 15. Tayari uko chini, na bado sijasema lile ambalo wenye kadi mpya hulijua wakiwa wameshaumia. Kwa kawaida kuna siku kati ya benki kufunga taarifa ya mwezi na tarehe ya mwisho ya kulipa, mara nyingi wiki tatu au zaidi kidogo, ambazo manunuzi yako hayatozwi riba. Siku hizo ni zawadi ya anayelipa deni lote. Ukibakiza hata sehemu ndogo, benki nyingi zinakunyang'anya zawadi hiyo, na kila unachonunua kuanzia hapo kinaanza kuhesabiwa riba siku ileile. Manunuzi ya 1,000 yaliyotawanyika mwezi mzima ni sawa na kubeba wastani wa 500, kwa hiyo ongeza 10 nyingine. Mwezi wako mmoja wa "mambo yakibana" umekugharimu kama 30, yaani pesa ya kurudishiwa ya miezi miwili. Ukipata miezi mitatu ya namna hiyo katika mwaka, 90 imekwenda. Hiyo ni nusu ya yote ambayo kadi ya kwanza ingekupa kwa mwaka mzima. Ukipitiliza tarehe bila kulipa kitu, faini inakuja juu yake.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: miezi hiyo ni ya kufikirika tu, au imeshatokea mwaka jana na mwaka juzi? Kama imetokea, funga mjadala wa asilimia. Mtu anayebeba deni anatafuta kadi yenye riba ndogo, au anaendelea na kadi ya kawaida ya benki inayokata pesa aliyonayo tayari. Hakuna kadi kati ya tatu zako ambayo asilimia zake zinaweza kushindana na 24.

Kama utalipa yote kila mwezi, iagize benki ijilipe yenyewe kutoka akaunti yako tarehe inapofika, lakini soma vizuri unachokichagua. Mimi mwenyewe, pamoja na kujifanya mjuzi, niliwahi kujaza fomu hiyo nikaweka alama kwenye "kiwango cha chini cha malipo" badala ya "deni lote". Kila mwezi nikawa naona benki imejilipa, roho imetulia. Nilikuja kushtuka mwezi wa tatu nilipoona mstari wa riba kwenye taarifa. Kosa halikuwa la benki. Vyumba viwili vya kuweka alama vilikuwa vimepakana, nami nilikuwa na haraka.

Na usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye mashine, hata siku moja ya dharura ndogo. Kwa kawaida hurudishiwi kitu, unatozwa ada ya kutoa, na riba inaanza papo hapo bila siku za neema.

Sasa tuingie kwenye asilimia zenyewe, na kwanza ujue zinatoka wapi, maana ukijua chanzo cha maji hutashangaa kisima kinapokauka. Unapolipa kwa kadi, mwenye duka hapokei pesa yote. Anakatwa sehemu, na kipande kikubwa cha sehemu hiyo kinakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Benki inakumegea wewe katika kipande chake ili uitumie kadi yake badala ya ya mwenzake. Kadi ya Discover ya Marekani ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu ilipoingia sokoni nchi nzima mwaka 1986, na wengine wakafuata. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kufanya kazi Desemba 2015 iliweka ukomo wa kipande hicho kuwa asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi na 0.2 kwa kadi zinazokata akaunti moja kwa moja, na ukarimu wa kadi huko ukapungua. Marekani kadi za mkopo hazikuwekewa ukomo wa namna hiyo, ndiyo maana asilimia kubwa kubwa unazozisikia nyingi zinatoka huko. Kadi zao za kukata akaunti ndizo zilizobanwa na sheria ya mwaka 2010, na zawadi zake nyingi zikatoweka.

Ukishajua hilo, asilimia 5 inaanza kuonekana kwa sura yake halisi. Ni zaidi ya kile benki inachopokea kwa mwenye duka. Hakuna benki inayotoa zaidi ya inachopokea kwa sababu ya upendo. Inategemea kikomo ilichokiweka, usahaulifu wako, na riba yako siku utakapoteleza. Wale wanaolipa riba ndio wanaowafadhili wale wasiolipa; si jambo la kupendeza, lakini ndivyo biashara hii ilivyojengwa.

Turudi kwenye kadi zako. Ushauri wangu ni kwamba usilinganishe 5 na 4 na 1.5 kana kwamba ni bei za kitu kimoja. Chukua kadi ya kwanza, hiyo isiyo na mbwembwe, uifanye pishi ya kupimia. Wewe hutumia 12,000 kwa mwaka; asilimia 1.5 yake ni 180. Hiyo unaipata bila kukumbuka kitu chochote, bila kujiandikisha na bila kujua leo ni robo ya nani. Kila kadi nyingine iulize swali moja: utanipa kiasi gani *juu ya* hiyo 180?

Kadi ya tatu. Chakula chako cha nyumbani ni 3,600 kwa mwaka, lakini asilimia 4 inaishia kwenye 3,000, kwa hiyo ni 120. Kwa mwendo wa 300 kwa mwezi, kikomo unakifikia mwishoni mwa mwezi wa kumi. Miezi miwili ya mwisho, ambayo watu wengi hununua zaidi, unalipwa asilimia 1, ambayo ni 6. Mafuta ni 1,440 mara asilimia 3, unapata 43.20. Yaliyobaki ni 6,960 kwa asilimia 1, sawa na 69.60. Jumla 238.80. Toa ada ya 60, unabaki na 178.80. Kadi yenye "asilimia 4" kwenye tangazo imepitwa na kadi ya 1.5 kwa tofauti ya 1.20. Nilipomaliza hesabu hii nilirudia mara mbili, maana hata mimi niliona kadi hiyo imependeza.

Kinachoiangusha si ada peke yake. Ni ile asilimia 1 kwenye "yaliyobaki", kwa sababu kwako yaliyobaki ndiyo zaidi ya nusu ya matumizi yote. Watu hutazama namba kubwa iliyoandikwa kwa herufi nene, na namba inayoamua mambo imekaa chini kabisa kwa maandishi ya kumulika na tochi.

Unaweza kuniambia: basi nichukue zote mbili, ya tatu kwa chakula na mafuta tu, ya kwanza kwa mengine. Hapo mambo yanabadilika. Kwa kila 100 ya chakula, kadi ya tatu inakupa 2.50 zaidi ya pishi. Kwa 3,000 hiyo ni 75. Kwa mafuta inazidi kwa asilimia 1.5, unapata 21.60. Jumla 96.60, toa ada 60, faida halisi ni 36.60 kwa mwaka. Ni pesa, sikatai, ila ni kama 3 kwa mwezi kwa kazi ya kubeba kadi mbili, taarifa mbili na tarehe mbili za kulipa. Pia kumbuka kwamba ada unailipa hata mwaka ambao umesafiri miezi minne na hukununua chakula cha nyumbani. Kama ungekuwa huna gari, ungehitaji kununua chakula cha 2,400 kwa mwaka ili tu ada irudi. Kuanzia hapo ndipo faida ingeanza.

Kadi ya pili ndiyo uliyoipenda, nami nitaipa haki yake. Tuseme robo nne zimekuja hivi: chakula cha nyumbani, kisha mafuta, kisha migahawa, kisha manunuzi ya mtandaoni. Kwa matumizi yako, robo ya chakula ni 900, inakupa 45. Mafuta 360, inakupa 18. Kula nje 300, unapata 15, na mtandaoni vivyo hivyo 15. Jumla 93. Ona jambo hapa: tangazo linakuonyesha 1,500 mara robo nne mara asilimia 5, yaani 300 kwa mwaka. Wewe, kwa maisha yako unayoishi, unafikia 93, tena kama aina zote nne zimeangukia vitu unavyonunua. Wakitangaza robo ya vifaa vya ujenzi na wewe ni mpangaji, hiyo robo imekwenda bure.

Ukiitumia kadi hiyo peke yake, ongeza asilimia 1 ya yale 10,140 yaliyobaki na jumla inakuwa 194.40. Inaizidi pishi kwa 14.40 tu. Ukiichanganya na kadi ya kwanza, kila kitu kisicho cha robo kikienda kwenye asilimia 1.5, unapata 245.10. Hiyo ni 65.10 juu ya pishi, bila ada yoyote. Kwa hiyo moyo wako haukukosea sana. Ulikosea mpangilio: kadi ya asilimia 5 ni msaidizi mzuri, ila kama kadi ya kwanza na ya pekee haitoshi.

Na ni msaidizi anayetaka kukumbushwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kujiandikisha kila robo ndani ya muda uliowekwa. Ukisahau robo ya chakula na robo ya migahawa, unapoteza 60 ya asilimia 5 na kupata 18 kwa kadi ya kwanza badala yake. Ile faida ya 65.10 inashuka hadi 23.10. Benki inajua kuna watakaosahau. Weka ukumbusho kwenye simu siku ambayo kujiandikisha kunafunguliwa, mara nne kwa mwaka, kabla hata kadi haijafika mkononi.

Kuna jambo la aina za matumizi linalowaliza watu, acha nilieleze kwa kituo. Benki haijui umenunua nini. Mkate, sabuni, chaja ya simu, vyote kwake ni jumla moja tu. Inachokiona ni msimbo wa tarakimu nne ambao mwenye biashara alipewa alipofungua huduma ya kupokea kadi. Maduka ya vyakula na supamaketi ni 5411, vituo vya mafuta ni 5541, migahawa ni 5812, vyakula vya haraka ni 5814. Msimbo ni wa duka, si wa bidhaa. Ukinunua maziwa kwenye kituo cha mafuta, yamehesabiwa mafuta. Ukinunua mchele kwenye duka kubwa linalouza kila kitu kuanzia viatu hadi friji, huenda duka hilo limesajiliwa kwa msimbo mwingine kabisa, na asilimia zako za chakula hazitakuja hata kikapu kizima kikiwa cha unga na mafuta ya kupikia. Muuza mboga anayepokea malipo kupitia programu ya mtu wa kati anaweza kuonekana kwa jina na msimbo wa huyo wa kati. Kwa hiyo kabla hujaitegemea kadi kwa duka fulani, nunua kitu kidogo pale, subiri siku mbili tatu, kisha fungua taarifa uone kimewekwa fungu gani. Inachukua dakika moja, na inakuepusha na mwaka mzima wa kudhani.

Hiyo ndiyo sababu nyingine inayonifanya niipende kadi isiyojali aina. Kwake maziwa ni maziwa popote yalipouzwa.

Vitu ambavyo kwa kawaida havirudishiwi kabisa: pesa taslimu, kuhamisha deni kutoka kadi nyingine, ada na riba zenyewe, mara nyingi pia kamari na kujaza pochi za simu. Ukirudisha bidhaa dukani, pesa uliyorudishiwa kwa bidhaa hiyo nayo inachukuliwa, na ni haki. Pale ambapo muuzaji anaongeza asilimia 2 au 3 kwa anayelipa kwa kadi, lipa taslimu. Kadi ya 1.5 haiwezi kulifidia hilo. Ukisafiri, angalia ada ya manunuzi ya nje. Kadi nyingi hutoza hadi asilimia 3 kila unaponunua kwa sarafu ya kigeni, na mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo, maana ubadilishaji unaofanywa na mashine mara nyingi una bei mbaya.

Soma pia kama asilimia hiyo ni pesa au ni pointi. Kuna kadi zinazosema "asilimia 3" lakini zinakupa pointi 3 kwa kila 100, na siku ya kuzibadilisha unakuta pointi moja inathamani ya nusu tu ikienda kwenye akaunti, na inathamani kamili ikinunua bidhaa kwenye duka lao. Swali la kumuuliza mhudumu ni fupi: pointi 100 zikiingia kwenye akaunti yangu, ni shilingi ngapi, au sarafu yoyote mnayotumia? Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Bonasi ya kujiunga hukuitaja, nami naona inafaa uiulizie. Kadi ikisema itakupa 100 ukitumia 1,500 ndani ya miezi mitatu, wewe ungetumia 3,000 hata bila kuambiwa, kwa hiyo ichukue. Ni zaidi ya nusu mwaka wa kurudishiwa kwa kadi ya kwanza. Ikidai 5,000 kwa miezi mitatu, iache ipite. Kununua vya 2,000 usivyovihitaji ili upewe 100 au hata 300 ni kujinyonga kwa kamba ya hariri.

Hapo ndipo penye hatari ambayo hesabu zangu zote hazioni. Zinadhani utaendelea kutumia 12,000. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi waliokuwa wakishindania tiketi za mechi ya mpira wa kikapu kwa kutaja bei ambayo wako tayari kulipa. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja, kwa wastani, takriban mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zilezile. Sisemi wewe utatumia mara mbili, chakula cha nyumbani si tiketi ya mechi. Lakini angalia jinsi nafasi ilivyo nyembamba: matumizi yako yakiongezeka kutoka 1,000 hadi 1,015 kwa mwezi kwa sababu tu kadi ni laini mkononi, faida yote ya pishi imeliwa, na huwezi kuiona 15 hiyo ikiondoka. Kitu cha 100 usichokihitaji, hata kwa asilimia 5, kimekutoa 95. Ndiyo maana nakushauri uandike leo matumizi ya miezi mitatu iliyopita, kabla ya kadi, uyaweke mahali. Baada ya miezi mitatu ya kadi, linganisha.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningechukua kadi ya kwanza peke yake, baada ya kuuliza sokoni kama kuna ya asilimia 2 kwa kila kitu isiyo na ada, maana katika baadhi ya nchi zipo. Ukiipata hiyo, pishi yako inapanda kutoka 180 hadi 240, na faida ya kuongeza kadi ya tatu inashuka kutoka 36.60 hadi 14.40, haistahili hata karatasi ya kujazia. Ningeitumia miezi sita. Kama taarifa zote sita zimelipwa zote, na matumizi hayajavimba, ningeongeza ile ya pili kwa ajili ya vitu vya robo tu. Usiombe zote siku moja: katika nchi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, kila ombi linaacha alama, na mtu anayeomba kadi tatu kwa wiki moja anaonekana kama mtu aliyeishiwa. Ya tatu ningeiacha. Wakikwambia ada ya mwaka wa kwanza imesamehewa, unaweza kuijaribu kandokando ya ya kwanza, ila andika kwenye kalenda tarehe ya ada ya mwaka wa pili na uifunge mwezi mmoja kabla.

Kuhusu swali lako la mwisho: zitoe. Pesa ya kurudishiwa ikikaa kwa benki haikuzalii kitu, na masharti ya kadi nyingi yanaruhusu ipotee ukifunga akaunti au ukilimbikiza malipo yaliyochelewa, na mengine yanaweka tarehe ya kuisha. Ikifika kiwango cha chini cha kutoa, ihamishie kwenye akaunti yako ya akiba. Ukichagua ipunguze deni la kadi badala yake, bado lipa mwezi huo kama kawaida, kwa sababu mara nyingi punguzo hilo halihesabiwi kuwa malipo ya mwezi, na mtu anaweza kupigwa faini ya kuchelewa huku akiamini ameshalipa. Kwa kadi ya kwanza unakusanya 15 kwa mwezi, kwa hiyo kiwango chao cha chini kikiwa 25, utakuwa unatoa kila baada ya miezi miwili.